Usihesabu mama mmoja mara 30

Pilipili manga hapa Unguja na Pemba kwa kawaida haipandwi kwa mbegu. Mkulima hukata kipande chenye pingili tatu kwenye mpilipili uliozaa vizuri, akakifukia chini ya mfenesi au mti mwingine wa kuparamia, basi. Kwa hiyo konde zima la Kizimbani linaweza kuwa mmea mmoja uliorudiwarudiwa. Ukitaka kupima utofauti wa pilipili zetu na ukachuma majani ya mimea 30 humo, alama za vinasaba (sehemu za DNA zinazotofautisha mmea na mmea) zitakwambia jambo lile lile mara 30. Afadhali mimea mitatu kwa konde, makonde 20, kuanzia Dole hadi Wete, na kila mwenye konde aulizwe vipando alivipata wapi. Jibu liandikwe juu ya mfuko wa sampuli, hapo hapo kondeni.

Chuma jani la pili au la tatu kutoka kileleni, likiwa bado laini. Lifute kwa spiriti, likatekate, litie kwenye silika jeli, chembe za kunyonya maji, yenye uzito mara kumi ya jani. Masika silika hushiba maji upesi. Ikibadilika rangi, iondoe utie mpya siku hiyo hiyo, la sivyo jani litageuka kahawia na vinasaba vitakatikakatika.

Maabara ndiko pilipili inakoonyesha ukali wake. Saga miligramu 20 za jani kavu, tia CTAB (sabuni ya kupasua seli) ya asilimia 2 iliyochanganywa na PVP (ya kunasa polifenoli, kemikali za mmea zinazochafua vinasaba) asilimia 2, na merkaptoethanoli, ya kuzuia mchanganyiko usigeuke kahawia, iongezwe dakika ile ile ya kutumia. Weka kwenye nyuzi 65 kwa dakika 45, kisha safisha kwa klorofomu mara mbili, si moja. Kisha viangushe vinasaba kwa ethanoli, vitue chini ya kichupa. Ukipata mashapo yenye rangi ya chai kavu, hizo ni polifenoli: PVP ilikuwa kidogo au jani lilikuwa kongwe. Yakivutika kama mlenda, ni sukari za mmea. Yayeyushe, ongeza chumvi hadi molari 2, uyaangushe tena kwa ethanoli. PCR, yaani kurudufisha vinasaba kwa kimeng'enya, ikigoma ilhali jeli ya kupimia vinasaba inaonyesha vipo, usiongeze vinasaba. Vipunguze mara kumi, kwa sababu uchafu unaozuia kimeng'enya unapungua navyo.

Kosa kubwa zaidi hutokea mezani, kwenye kompyuta. Mpilipili manga una kromosomu 52, seti nne, si mbili kama sisi. Alama moja ya maikrosatelaiti (kipande kifupi cha vinasaba kinachojirudiarudia) inaweza kutoa aleli nne, yaani sura nne tofauti za alama hiyo, kwa mmea mmoja, na ukiona mbili tu hujui kama ni moja kwa tatu au mbili kwa mbili. Programu zilizotengenezwa kwa viumbe vya seti mbili zitakupa namba nzuri za uongo. Andika 1 aleli ikiwepo, 0 isipokuwepo, kisha linganisha mimea miwili miwili kwa kipimo cha Jaccard: aleli walizo nazo wote wawili, gawa kwa zote zilizoonekana kwao.

Sampuli moja katika kila kumi irudiwe tangu kusaga. Tofauti utakazoziona kati ya jani na pacha wake ni makosa ya maabara. Mimea miwili iliyopishana kwa kiasi hicho hicho ihesabu kuwa ya mama mmoja, hata kama wenyewe wanaiita kwa majina mawili.