Siku moja maishani mwangu: mkaguzi wa magari Birmingham

Saa moja na nusu asubuhi. Nafungua gereji na kuwasha mashine ya kupimia moshi ipate joto. Huku Uingereza gari likitimiza miaka mitatu lazima likaguliwe kila mwaka, ukaguzi wa MOT. Mimi ndiye ninayesema limepita au limefeli.

Saa mbili. Magari mawili ya petroli, yote yamepita.

Saa nne. Anaingia mzee wa Unguja na vani ya dizeli anayosambazia mboga madukani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nifanyie hima, mzigo unaningoja."

Nachutama nyuma, napitisha kidole ndani ya bomba la moshi. Kinatoka cheusi tititi. Dizeli yenye kichujio kizima cha masizi, ile DPF, bomba lake kwa ndani huwa karibu safi. Naipandisha vani kwenye lifti. Kopo la kichujio lipo, ila ubavuni lina mshono mnene wa kuchomelea, umepakwa rangi ya fedha. Naligonga kwa bisibisi, linalia kama debe tupu.

Namwita aone mwenyewe. Hakani. Taa ya injini ilikuwa ikiwaka kila wiki, fundi mmoja akamshauri watoe matumbo ya kichujio apumzike. Kumbe shida ilikuwa safari zake, duka hadi duka, dakika kumi kumi. Kichujio hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na hilo lataka joto la nyuzi 600 hivi. Kwenye foleni za mjini hulipati. Angeipeleka vani barabara kuu mara kwa mara, ikakimbia bila kusimama, huenda asingefika hapa.

Namweleza taratibu. Tangu Februari 2014 gari lililotoka kiwandani na kichujio halipiti kikikosekana. Na kuliendesha hivyo ni kosa, faini hadi paundi 1,000 kwa gari dogo, 2,500 kwa vani.

"Elfu mbili na nusu?" Anakaa juu ya tairi kuukuu. "Mwanangu, nisitiri."

Siwezi, mzee wangu. Kibali changu cha ukaguzi kingeondoka, ndiyo, lakini hata hicho kando. Nilipokuwa fundi Tanga nimetoa masega ya kusafishia moshi kwenye magari ya watu mengi, nikiambiwa gari litakuwa jepesi, na sikujiuliza moshi ule unamwendea nani. Sasa binti yangu ana pumu. Shule yake iko ukingoni mwa barabara hiihii, na asubuhi huvuka nyuma ya vani kama hizi, mdomo wake usawa wa bomba.

Saa saba. Swala, kisha wali wa jana.

Saa nane. Nampigia muuza vipuri. Kichujio kipo, bei inauma, lakini amekubali mzee alipe kwa mafungu mawili.

Saa kumi na moja jioni. Vani imelala uani. Mboga za leo mzee amezipeleka kwa gari la mwanawe. Kichujio kinafika Alhamisi.