Magofu ya Kilwa Kisiwani: jua kinachobomoa ukuta kabla ya kushika mwiko

Ukuta wa matumbawe hauanguki kwa uzee peke yake. Kilwa Kisiwani, Gereza, yaani ngome ya kale iliyo ufukweni, linapigwa na mawimbi. Kwenye Msikiti Mkuu na majengo mengine hofu ni mvua inayoingia kwa juu, chumvi, na mizizi. Kila adui ana dawa yake. Ukiziba nyufa za Gereza huku bahari inakula msingi, umepoteza chokaa. Pale kinachotakiwa kwanza ni kuvunja nguvu ya mawimbi, na mikoko iliyopandwa ufukweni ni sehemu ya kazi hiyo.

Kosa linaloumiza zaidi ni saruji. Ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na haipumui. Unyevu ulio ndani ya ukuta hukosa njia kwenye viungo kati ya mawe, ukatokea kwenye jiwe lenyewe. Chumvi hugandia humo na uso wa jiwe hupukutika. Baada ya miaka kadhaa unaona saruji imesimama nzima, mawe yameliwa. Rudi kwenye chokaa waliyoijengea wajenzi wa kale wenyewe, ile ya matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo.

Chokaa hiyo izime kwa maji baridi (yasiwe ya bahari!), iache ndani ya shimo chini ya maji kwa miezi kadhaa. Changanya sehemu 1 ya chokaa na 3 za mchanga mkali wenye chembe kubwa na ndogo. Mchanga wa pwani hubeba chumvi, kwa hiyo tafuta wa mtoni au wa machimboni. Kwangua kiungo kilicholegea, lowesha ukuta jana yake na tena asubuhi, kisha jaza kwa tabaka zisizozidi sentimita 1. Funika kwa magunia mabichi, yanyunyizie maji angalau wiki nzima. Jua likiikausha upesi, chokaa hupasuka na kuwa unga. Na kwa kuwa hukomaa polepole, usianze wakati masika yanakaribia.

Mti uliootea ukutani usiung'oe: mzizi hutoka na mawe. Kwanza tegemeza kwa boriti, maana mara nyingine mzizi huo ndio ulioshikilia ukuta. Kata shina, paka kisiki dawa ya kuua miti papo hapo, subiri kife, ndipo ujaze uwazi.

Sakafu ya lipu iliyofukuliwa, kama hakuna paa wala mlinzi, ifukiwe tena: tandika kitambaa kinachopitisha maji, halafu mchanga safi. Wageni hawataiona, lakini itabaki.

Penye ufa, bandika kipande chembamba cha kioo kikiuvuka, andika tarehe. Kikivunjika, ukuta bado unatembea. Usiuzibe, chunguza msingi.