Kibao cha njano mkononi: siku yangu kama jaji wa mbio za kutembea

Saa kumi na nusu alfajiri nimeshaamka. Chai ya rangi, kiporo cha wali, na mkoba nilioufunga tangu usiku: kofia pana, maji, kalamu mbili, karatasi za jaji, na vibao viwili vya njano. Kimoja kina alama ya wimbi pande zote mbili, kingine kina alama ya pembe. Wimbi ni la anayepoteza mguso na ardhi. Pembe ni ya anayekunja goti.

Siku za wiki nafundisha michezo shule ya msingi. Jumamosi kama hii mimi ni jaji wa mbio za kutembea, kazi ambayo watu wengi wa mji huu hawajui hata kama ipo.

Saa kumi na moja na robo niko juu ya bodaboda, natoka Mwananyamala kwenda ufukwe wa Coco, hapahapa Dar es Salaam. Dereva kijana tu. "Mama, mbona mapema hivi, safari?" Nikamwambia naenda kuamua mashindano ya kutembea. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa kutembea kuna makosa gani?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi na sijawahi kuchoka kulijibu. Makosa ni mawili tu. Kwanza, mtembeaji lazima awe amegusa ardhi muda wote, kiasi kwamba jicho la binadamu lisione miguu yote miwili ikiwa hewani. Pili, mguu unaotangulia lazima uwe umenyooka, goti halijakunjwa, tangu kisigino kinapogusa lami mpaka mwili unapopita wima juu yake. Kule kukata kiuno ambako watu hucheka barabarani kunatokana na hapo: goti likinyooka, nyonga ndiyo inalazimika kuzunguka ili hatua irefuke. Hakuna mbwembwe pale, ni jasho na maumivu ya nyonga. Nikamwambia pia kwamba Toshikazu Yamanishi wa Japani alitembea kilomita 20 kwa saa 1, dakika 16 na sekunde 10, mjini Kobe mwaka 2025. Hiyo ni chini ya dakika nne kwa kila kilomita, akitembea. Dereva akasema, "Mama, huyo si anakimbia huyo?" Nikamjibu, ndiyo maana mimi nipo.

Saa kumi na mbili kasoro robo tulikuwa tumekusanyika kando ya barabara, bahari inaanza kuonekana. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwalimu, umekuja mapema." Jaji mkuu wetu ni mzee wa kazi, haongei sana. Mashindano ya barabarani yanataka majaji sita hadi tisa, naye akiwemo. Sisi tulikuwa sita. Akatupanga kwenye mzunguko wa kilomita moja, nenda rudi, mimi akaniweka hatua kadhaa baada ya mgeuko wa kaskazini. Napapenda pale na napaogopa. Mtembeaji akishageuka anataka kurudisha kasi aliyoipoteza, na hapo ndipo mwili unapomdanganya.

Akarudia yale tunayoyajua. Kila jaji anaamua peke yake. Hatuulizani, hatupigiani simu, hatukonyezani. Hatulali chini wala kupiga magoti ili kuona vizuri. Macho kwenye miguu, si kwenye mabega wala kichwa, maana mtu anaweza kurukaruka mabegani huku miguu yake ni safi kabisa.

Saa kumi na mbili na nusu vijana wa kilomita 5 wakaondoka, na ndani ya nusu saa na ushee walikuwa wamemaliza. Walitembea vizuri, Mungu awabariki. Mmoja tu alifikisha kadi tatu nyekundu, zile tunazoandika tukiona kosa waziwazi, akaingia eneo la adhabu kusimama nusu dakika, akatoka akamaliza. Usumbufu pekee ulikuwa kundi la jogging lililokuja na nyimbo zake na filimbi, watu wengi, fulana za rangi moja, wakapita moja kwa moja katikati ya njia yetu. Kwa sekunde kadhaa sikuona mguu wa mtembeaji hata mmoja. Vijana wa usalama wakawaomba wapande kando, wakapanda, tena kwa adabu.

Saa moja na nusu zikaanza kilomita 20, wanaume na wanawake pamoja.

Hapa ndipo ningetaka mtu asimame nami japo mizunguko mitano. Mzunguko ni wa kilomita moja, kwa hiyo kila mtembeaji ananipita mara ishirini akienda na mara ishirini akirudi. Kila anapokuja namchukua tangu akiwa mbele yangu kidogo hadi anapoanza kunipa mgongo. Kabla ya hapo yuko mbali mno, baada ya hapo sioni goti. Ni hatua chache tu. Wakija watatu wamebanana, ninayemwona vizuri ni wa nje. Wa ndani namsubiri mzunguko ujao, kwa sababu sina haki ya kumwandikia mtu kitu nilichokikisia.

Nikiwa na wasiwasi na mtembeaji, namnyooshea kibao cha njano chenye alama ya kosa. Hiyo ni tahadhari, naye anajua arekebishe nini. Siruhusiwi kumwonyesha kibao cha pili kwa kosa lilelile. Nikiliona kosa waziwazi, nimeliona bila shaka, naandika kadi nyekundu: namba yake, saa, kosa, na saini yangu. Simwambii. Kijana wa baiskeli anaichukua, inakwenda kwa mtunza kumbukumbu, kisha inabandikwa ubaoni mtembeaji aione mwenyewe. Kwangu mimi kadi yake ni hiyo moja tu. Hata akipita tena akiwa amekunja goti mzunguko mzima, mimi sina nyingine ya kumpa.

Kadi tatu kutoka kwa majaji watatu tofauti zinampeleka eneo la adhabu, na kwa kilomita 20 anasimama dakika mbili nzima. Ya nne inamtoa.

Mzunguko wa tisa nilimwonyesha kibao cha pembe binti mmoja aliyekuwa wa tatu kwa wanawake. Goti la kushoto. Alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akatengeneza kwa mizunguko miwili mitatu. Kisha jua likapanda, lile jua la Dar linalokuja na unyevu hadi nguo inaganda mgongoni. Goti likarudi palepale. Nikasubiri anipite akienda, nikasubiri anipite akirudi. Lilikuwa wazi. Nikaandika.

Baada ya hapo saa yangu nilikuwa naitazama kwa ajili ya kadi tu.

Mizunguko michache mbele nikamwona binti yule amesimama eneo la adhabu, mikono kiunoni, na hapo ndipo nilipojua kuwa wenzangu wawili nao waliona. Sikuwa na habari kabla. Na hapo ndipo kocha wake alipovuka utepe akaja kusimama ubavuni mwangu.

"Dada, namba yako ya jaji ni ngapi?"

"Kocha, nakuomba urudi nyuma ya utepe. Watembeaji wanakuja."

"Nimekuuliza kwa heshima."

"Na mimi nakuomba kwa heshima."

Hakurudi. Akatoa simu. Alikuwa amemrekodi mwanafunzi wake akipita, akaipunguza kasi ile video, akaanza kunisogezea usoni. Wakati huohuo wanaume wawili wa mbele walikuwa wanatoka kwenye mgeuko, na mimi macho yangu ni ya wale wawili. Nikageuza kichwa kuwafuata, naye akazunguka ili simu iwe mbele yangu tena. "Angalia! Mguu uko chini! Angalia hapa, na hapa! Nyie mmekubaliana kumtoa mtoto wa watu!" Watu waliokuwa wamekaa ukutani wakila muhogo wa kuchoma wakaanza kusogea, wengine wakimshangilia. Nikamwita kijana wa usalama kwa mkono. Kocha akamwambia kijana asimguse. Watembeaji wakapita. Wengine wakapita. Nilihesabu wangapi nimewaona nusunusu, na kila mmoja wa hao nikamwacha, kwa sababu jicho lililosumbuliwa halina haki ya kumwandikia mtu.

Hicho ndicho kinachoniumiza katika matukio ya namna hii, kuliko matusi. Kocha anadhani anamtetea mtu wake, lakini kwa dakika zile hakuna aliyekuwa akiwalinda wale wanaotembea sawasawa. Mtu aliyefanya mazoezi miaka mingi kunyoosha goti lake anastahili kujua kwamba aliyempita alinyoosha pia.

Jaji mkuu alikuja mwenyewe. Hakupaza sauti. Akamshika kocha bega, akamwambia, "Mdogo wangu, mbio zikiisha nitakaa na wewe hata saa nzima. Sasa hivi twende." Wakaenda.

Mbio zikaisha wakati jua limeshapanda sana. Mzunguko wa mwisho jaji mkuu huwa karibu na mstari, kwa kuwa ndani ya mita 100 za mwisho ana mamlaka ya kumtoa mtu peke yake kama kosa ni la wazi, hata kama ubaoni hana kadi hata moja. Mchezo huu una machozi mengi ya mwishoni. Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, Jane Saville wa Australia alikuwa anaongoza kilomita 20 za wanawake, nyumbani kwao, amefika mlangoni mwa uwanja uliojaa watu wakimsubiri, akaonyeshwa kibao chekundu, kile cha kutolewa. Michezo hiyohiyo Bernardo Segura wa Meksiko alivuka mstari wa kwanza upande wa wanaume, kisha akaondolewa, dhahabu ikaenda kwa Robert Korzeniowski wa Polandi. Nawaza kuhusu majaji wale kila mara. Hakuna aliyewapigia makofi.

Yule binti alimaliza wa tano. Kocha akarudi, safari hii chini ya mwembe, maji mkononi, sauti imeshuka. Jaji mkuu akaniita.

Nikamwuliza kocha video yake inaonyesha nini. Akasema inaonyesha mguu uko chini. Nikamwambia ni kweli, na kadi yangu haikuwa ya mguso. Ilikuwa ya goti. Akarudisha video nyuma, akatazama kimya. Kisha akaja na lingine: "Haya, na huyu aliyeshinda? Mtazame, miguu yote iko juu." Akanionyesha picha iliyosimama, na kweli ilikuwa hivyo, kipande kidogo sana cha sekunde.

Hili ndilo jambo gumu kumweleza mtu mwenye simu nzuri. Kamera za kasi zimekwisha kuonyesha kwamba watembeaji wengi wa ngazi ya juu huachana na ardhi kwa muda mfupi kuliko jicho linavyoweza kunasa. Waliotunga sheria hawakudanganywa. Waliandika kabisa kwamba hukumu ni ya jicho la binadamu. Kama tungetumia video, karibu hakuna ambaye angefika mwisho. Jicho langu, kofia yangu na hatua zile chache za lami ndicho kipimo, kwa wote sawa, wa kwanza hadi wa mwisho.

"Kwa hiyo nyie mkisema ni kosa, basi ni kosa," akasema.

"Mmoja wetu akisema, si chochote. Wakisema watatu ambao hawajazungumzana, kocha, huyo binti ana tatizo la goti."

Hakukubali. Aliondoka bila kuaga, na sikumlaumu kwa hilo, maana alikuwa amesafiri na watoto wake usiku kucha.

Binti mwenyewe alinifuata baadaye, miguu imevimba, kandambili mkononi. "Shikamoo mwalimu. Goti lipi?" Nikamwambia la kushoto, na linaanza akichoka, hasa akitoka kwenye mgeuko. Akasema huwa linamuuma akipanda kasi. Tukasimama pale nikamwonyesha kufupisha hatua baada ya kugeuka. Nilimwambia kwamba Kenya hapo jirani wana Samuel Gathimba aliyepata shaba ya kilomita 20 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018 Gold Coast, na kwamba naye akifika huko hakuna jaji atakayemwonea huruma kwa kuwa katoka mbali. Kadi ninayomwandikia hapa, nataka aisahihishe hapahapa.

Alasiri nilirudi kwa miguu hadi kituo cha Morocco kwa sababu nilihitaji kuinyoosha miguu baada ya kusimama vile, kisha daladala. Posho ya siku ilitosha nauli, chakula na unga wa nyumbani. Nikalala kidogo. Sijui niliamka saa ngapi, ila adhana ya magharibi nilikuwa naisikia.

Usiku nikatoa nakala ya muhtasari wa kadi, nikailinganisha na karatasi yangu. Tunafanya hivi kila mara: nani niliyemwona mimi na wenzangu hawakumwona, nani wenzangu walimwona nikamkosa. Kulikuwa na mwanaume mmoja aliyepata kadi mbili za mguso kutoka kwa wengine, nami sikumwandikia kitu. Nikatazama saa za kadi zile. Zilikuwa dakika zilezile za kocha na simu yake.

Nikamwandikia jaji mkuu: utepe wa mgeuko wa kaskazini usogezwe nyuma, awepo mtu wa usalama wa kudumu pale, na viongozi wa makundi ya jogging waambiwe mapema njia itafungwa saa ngapi. Akajibu saa nne kasoro: "Nimepokea mwalimu. Mashindano yajayo nakuweka tena mgeuko wa kaskazini."

Nikamjibu sawa.