Hina ya shangazi kwenye maabara ya betri

Shangazi yangu anapaka maharusi hina pale Kisenyi, na nilipomuomba kijiko cha unga wake nikapime chuoni alicheka mpaka akakaa chini, "we mtoto, ada yote ile kumbe mnasomea hina?" Ikabidi nimweleze, shangazi, hiyo rangi inayong'ang'ania kiganjani inaitwa lawsoni, ni ukoo wa kwinoni, zina oksijeni mbili zinazopokea elektroni na kuzirudisha, yani zinaweza kushika kazi ya kobalti, ile metali iliyomo kwenye betri ya simu yako, kobalti kama ile iliyotolewa kwenye mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe, magharibi mwa Uganda. Kwa hesabu za karatasi lawsoni inabeba chaji kama mAh (miliampea-saa) 308 kwa gramu, wakati betri za lithiamu za chuma na fosfeti zinaishia 170.

Kupima ni hivi, unapandisha na kushusha volteji huku mashine inachora grafu ya mkondo wa umeme. Unga wenyewe ulinipa grafu ya ovyo, majani yana mambo mengi, so nikahamia lawsoni safi ya kichupa. Elektrodi ya kaboni, yani kile kijiti kinachopitisha umeme kwenye kimiminika, unaisugua kwanza na unga wa alumina, mkono unachora namba 8, ukivivia hapo basi siku yako imeharibika. Siku ya kwanza nikaona mlima mkubwa kwenye grafu, nikapiga picha nikatuma kwa grupu na majivuno yote, alafu nikapima maji ya bufa (yale ya kuyeyushia, yanayotunza kiwango cha asidi) matupu bila lawsoni na mlima bado upo! Oksijeni ya hewani tu, nilisahau kupitisha naitrojeni ya kuifukuza. Nikarudia, ndo likatoka lile umbo la bata, kilele cha kupokea elektroni na cha kuzirudisha karibu sawa.

Ila pale kwenye kichupa unataka iyeyuke, kwenye betri ikiyeyuka umeumia, inahama elektrodi inavuka upande wa pili na kila ukichaji chaji inapungua. Halafu volteji yake dhidi ya lithiamu ni 2 na kidogo tu, betri za kobalti zinakaribia 4, kwa hiyo ile 308 msiimezee mate sana.

Shangazi akauliza, "mbona mkononi haitoki?" Swali zuri kuliko ya lekcha wangu. Mkononi inajifunga na keratini, protini ya ngozi. Sisi pia tunatafuta cha kuifunga, wengine wanaiunga iwe polima, yani mnyororo mrefu wa molekuli, mi nitaanza na chumvi yake ya lithiamu, hiyo haiyeyuki kirahisi. Naitrojeni ikifika naipima Jumatatu.