Kilichonifikisha kwenye mieleka ya kimataifa ni unga wa mbao

Vijana wa Kampala wakiniuliza nilifikaje kucheza mieleka ya mtindo huru nje ya nchi, wanatarajia habari za mayai na vyuma. Hata mimi niliambiwa, "Jaza kifua, mengine yatakuja." Ushauri mbovu kabisa! Vyuma havikufundishi kupigana ukiwa chini.

Nilitokea kwenye ekigwo, mieleka yetu ya jadi ya Buganda, ambako ukimwangusha mtu chali kazi imekwisha. Mtindo huru unakupa pointi 2 kwa kumwangusha, 4 akiangukia mgongo moja kwa moja, halafu mapambano yanaendelea: dakika 3 mara mbili, labda umgandamize mabega yote mawili au umwache kwa pointi 10. Ukikanyaga nje ya duara, mwenzako anapata 1. Na nani atakubali kuangushwa jioni nzima kwenye udongo mkavu?

Mkeka wa kiwandani hatukuuliza hata bei. Kambini afande mmoja alisisitiza magodoro yanatosha. Hayatoshi. Mguu unazama, mwili unageuka, goti linabaki pale pale. Mwenzetu alivimba goti akakosa msimu mzima.

Basi nikaenda Ndeeba, mtaa wa Kampala, kwa wapasua mbao kutafuta unga wa kutandaza badala ya mkeka. Tulilipia lori na chai ya wapakiaji, shilingi laki moja na ushee hivi za Uganda. Chukua unga wa msumeno; maranda yanajikusanya na kufanya matuta. Nyunyiza maji kidogo vumbi litulie, ukizidisha unaota ukungu. Tuliushindilia kwa miguu huku tukiimba nyimbo za kwata, tukatandika turubai kuukuu la lori, lile la pamba, kwa sababu la plastiki likipata jasho ni utelezi mtupu. Kingo tukazifukia ardhini. Kwa kigingi na kamba ya mita 4.5 tukachora duara la mita 9, kipimo kile kile cha kimataifa.

Sasa sikiliza nilichobuni mwenyewe, na ninajivunia. Chini ya turubai, kwenye mstari wa duara, nilipitisha kamba nene ya katani. Nilijifunga kitambaa machoni, wenzangu wakanisukuma kwa zamu. Kisigino kikigusa kamba tu, nageuza nyonga, anayesukuma anapitiliza nje. Tulirudia hilo mpaka ilipoondolewa kamba mguu ukawa bado unajua ukingo ulipo. Kwenye mkeka halisi kuna ukanda wa rangi wa mita 1 kukuonya, lakini mtu akiwa amekushika mguu huna nafasi ya kuangalia chini.

Misri nilikutana na jamaa mwenye kifua kunizidi mara mbili. Alinisukuma ukingoni tena na tena, na kila mara aliyetoka ni yeye. Refa alikuwa ananyoosha kidole kimoja kwa upande wangu! Nilishinda kwa pointi hizo hizo.

Turubai lioshwe kwa dawa ya klorini kila baada ya mazoezi, maana daktari akiona choa asubuhi ya kupima uzito, huchezi. Na Ndeeba nenda mapema, kabla wafuga kuku hawajabeba unga wote.