Kipimajoto Kilichonipeleka Darasani

Kwa miaka tisa niliwahudumia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kwenye miteremko ya Mlima Meru nikiwa mtaalamu msaidizi wa afya ya mifugo, na huu ni mwaka wa sita tangu nianze kuwafundisha vijana kazi hiyohiyo chuoni. Wafugaji walituita madaktari sote, ingawa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inamtofautisha daktari wa mifugo na wasaidizi wake. Naiheshimu tofauti hiyo, kwa kuwa msaidizi asiyejua mpaka wa kazi yake huchelewa kumwita anayejua zaidi.

Katika mwaka wangu wa kwanza kazini, mama mmoja mjane aliniita nimwone ndama wake chotara aliyekuwa amepunguza kula. Nilimpima joto nikapata nyuzi 38.7, ambazo kwa ng'ombe ni za kawaida, nikamshauri mama asubiri. "Lakini masikio yake yanachoma, mwanangu," aliniambia, nami nikamjibu kwamba tufuate kipimo. Siku ya nne nilimkuta ndama anahema kwa shida, povu limemjaa puani. Ilikuwa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, imekwisha kufika kwenye mapafu, na sindano ya buparvakwoni, ambayo huokoa wengi ikiwahi, haikumfaa tena.

Nilichukua muda kuelewa nilipokosea. Kipimajoto nilikuwa nimekichomeka katikati ya kinyesi badala ya kukiegemeza kwenye ukuta wa utumbo, na kikiwa ndani ya kinyesi huonyesha joto la chini kuliko la mwili. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi: sikuipapasa tezi iliyo chini ya sikio, ambayo mara nyingi hutangulia kuvimba kwa sababu kupe wa kahawia anayeeneza ugonjwa huu hupenda kung'ata sikioni. Mama yule, asiye na kipimo chochote, alikuwa ameshika mahali penyewe.

Ndiyo maana somo langu huanzia zizini. Wapo walimu wenzangu wanaoanza na dawa, lakini mimi naona dawa mkononi mwa mtu asiyejua kupapasa ni hatari, hasa siku hizi ambapo mfugaji hununua oksitetrasaiklini dukani na kumchoma ng'ombe mwenyewe, ilhali dawa hiyo haiponyi ndigana kali iliyokwisha kuonyesha dalili. Kila mwanafunzi hushika kwanza tezi za ng'ombe wazima, za chini ya sikio na za mbele ya bega, siku baada ya siku, mpaka vidole vizoee ukubwa wa kawaida. Kipimajoto hukipaka mafuta, hukielekeza pembeni, hukishikilia dakika mbili, na kipimo kisipolingana na hali ya mnyama hupima upya.

Mwezi uliopita binti mmoja wa mwaka wa kwanza alinisomea nyuzi 38.9 za mtamba aliyekuwa amesimama kichwa chini, kisha, kabla sijasema neno, akaomba kurudia. Alikichomoa kipimajoto, akakifuta kwa pamba, akakiegemeza upya huku mkono wa kushoto ukitafuta chini ya sikio.

"Nyuzi 40.6, mwalimu," alisema. "Na tezi imevimba, upande huu tu."

Tulimwita daktari asubuhi ileile.