Nilivyolishika Taya Langu

Daktari alinikabidhi taya langu wiki kadhaa kabla ya kulikata. Lilikuwa la plastiki nyeupe, limetoka kwenye printa ya 3D asubuhi ile.

"Lishike tu, mama. Ni lako."

Nikaligeuzageuza. Kulia kulikuwa salama. Hata gego langu lililomeguka pembe nililitambua. Kushoto kumetuna kama shavu la mtu aliyeficha tonge. Uvimbe ule nilikuwa nikiutazama kwenye kioo miezi mingi, lakini nilipoupapasa kwa ndani kidole kikazama: mfupa umeliwa, limebaki ganda. Ubishi wangu wote kuhusu upasuaji ukaishia pale.

Upande wa kulia ulikuwa umegeuzwa kwenye kompyuta, kama unavyogeuzwa na kioo, ukawa kielelezo cha kushoto.

"Kwa hiyo nitakuwa na kulia mbili?" nikamuuliza. Akacheka. Mimi sikuwa natania. Uso wangu tangu awali haukuwa sawa pande zote, na picha zangu zote za harusi nimegeukia upande mmoja.

Kipandikizi chenyewe, cha kushika nafasi ya mfupa utakaokatwa, kingekuwa cha titani. Unga wa madini hayo hutandazwa tabaka jembamba kuliko unywele, leza ikayeyusha palipochorwa tu, kisha likaja tabaka jingine juu yake. Na titani haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,600 za Selsiasi. Ncha zake huachwa na vitundu kama sifongo ili mfupa hai uote humo. Zamani, akaniambia, bamba lilikunjwa kwa koleo mgonjwa akiwa amelala mezani, kwa kukisia.

Sawa, lakini kile kitu kilichukua wiki tatu kufika, na uvimbe hausubiri kiwanda. Ndiyo maana alama za kukata ziliwekwa sentimita moja nje ya uvimbe. Na kabla ya nusukaputi niliona bamba la kawaida kwenye trei, la akiba, endapo hili la vipimo vyangu lingekataa kukaa.

Lilikaa. Nilipozinduka mkono ukaenda wenyewe shavuni, nikafuata ukingo wa taya mpaka sikioni, umenyooka. Kisha nikagusa mdomo wa chini, kushoto, na mdomo haukujua kama umeguswa. Neva ilipita ndani ya mfupa ule, ikaondoka nao. Mpaka leo nikinywa chochote najifuta kidevu kwanza, ndipo natazama kitambaa kama kimelowa.